Matiti yamelegea wiki ya saba: je, maziwa yanakauka?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mtoto wa kiume wa wiki saba, ndiye wa kwanza. Alizaliwa na kilo 3.1, na kwenye chanjo ya wiki ya sita alikuwa na kilo 4.3. Mpaka siku hiyo alikuwa ananyonya tu. Baada ya hapo nikaona matiti yamelegea, hayajai kama mwanzo, na mtoto kuanzia magharibi analia na kutaka titi kila mara. Nikajaribu kukamua kwa pampu, nikapata mililita 40 kwa matiti yote mawili. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, mtoto hashibi. Tukaanza kumpa ya kopo kwa chupa, mililita 90 saa mbili usiku na 90 nyingine saa sita usiku. Sasa naona maziwa yanazidi kupungua, ingawa kila siku nakunywa mtori na uji wa pilipili manga. Nakaa Tabata, mwezi ujao narudi kazini Posta. Nifanye nini yasikauke? – Mama, Tabata

JIBU: Mama, hongera kwa mtoto. Chukua kwanza kadi yake ya kliniki, maana nusu ya jibu imeandikwa humo. Kutoka kilo 3.1 hadi 4.3 kwa wiki sita ni gramu 1,200, yaani karibu gramu 29 kila siku. Mtoto wa umri huo anayepata maziwa ya kutosha huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Tena siku za mwanzo karibu kila mtoto hupungua uzito kidogo kabla ya kuanza kupanda, kwa hiyo kasi ya mwanao ilikuwa kubwa kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Gramu zote hizo zimetoka kwenye matiti yako. Siku mlipofungua kopo maziwa yako hayakuwa machache. Yanayopungua sasa yanapunguzwa na kopo, na yanaweza kurudi.

Ili ujue cha kufanya, elewa kwanza maziwa yanavyotengenezwa. Mimba ikifika miezi minne au mitano, titi huanza kutengeneza dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa. Haiwi nyingi kwa sababu homoni ya projesteroni, inayotoka kwenye kondo la nyuma, huizuia. Kondo likishatoka homoni hiyo hushuka ghafla, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa huja kwa wingi. Kabla ya hapo mtoto hunywa kidogo sana: siku ya kwanza mililita 2 hadi 10 kila anaponyonya, siku ya tatu 15 hadi 30. Hatua hii yote huendeshwa na homoni za mwili, ndiyo maana hata mama asiyenyonyesha kabisa matiti humjaa. Wiki za mwanzo mwili haujui bado mtoto anahitaji kiasi gani, hivyo hutengeneza kwa kukisia: matiti yanakuwa mazito, yanauma, yanavuja mpaka nguo inalowa.

Baadaye kazi ya kupima kiasi huhamia kwenye titi lenyewe. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Prolaktini huviagiza vifuko vidogo vya ndani ya titi vitengeneze maziwa. Oksitosini hukaza misuli inayozunguka vifuko hivyo ili maziwa yasukumwe kuja kwenye chuchu. Ule msisimko unaousikia, au titi la pili kuanza kudondosha, ndiyo kazi yake. Lakini ndani ya kila titi kuna breki. Maziwa yanayobaki bila kunyonywa hubana vifuko na kuviambia vipunguze kasi. Titi lililojaa hutengeneza taratibu, lililotolewa maziwa hutengeneza haraka, na kila titi linajisimamia peke yake. Ndiyo sababu mtoto akizoea kunyonya upande mmoja tu, upande wa pili hukauka huku wa kwanza ukiendelea, ingawa damu na homoni ni zile zile.

Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita, mtoto anayenyonya tu hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa saa 24, na kiasi hicho hubadilika kidogo sana japo yeye anakua. Wapo wanaotosheka na chini ya 500, wapo wanaopita 1,300. Kwa wastani mtoto hutoa theluthi mbili tu ya maziwa yaliyomo kwenye titi, kwa hiyo titi haliishi kabisa hata likiwa laini. Ukubwa wa titi hauamui maziwa mangapi yatatengenezwa kwa siku. Kinachotofautiana ni nafasi ya kuyahifadhi kwa wakati mmoja: mama mwenye nafasi ndogo atanyonyesha mara nyingi zaidi, na mwisho wa siku mtoto wake atakuwa amepata sawa na wengine.

Sasa rudi kwenye dalili ulizoziona.

Matiti kulegea kati ya wiki ya sita na ya nane ni kawaida kabisa. Uvimbe wa mwanzo umeisha na titi limeacha kukisia, linatengeneza kile kinachotumika. Mama wengi hapa Dar huanza kopo katika wiki hizi hizi, na inasikitisha, kwa sababu ndipo unyonyeshaji unapokuwa umekaa sawa.

Kulia jioni pia si kipimo cha njaa. Kilio cha watoto hufikia kilele karibu na wiki ya sita kisha hupungua, na wengi hukusanya minyonyo yao saa za jioni, wakinyonya kila nusu saa kabla ya usingizi mrefu. Akinywa kopo analala, ni kweli. Tumbo limepokea mililita 90 kwa mara moja, na maziwa ya kopo huchelewa kusagika kuliko ya mama. Usingizi huo hauthibitishi kwamba alikuwa na njaa.

Pampu nayo usiiamini kupita kiasi. Mililita 40 baada ya mtoto kunyonya ni kiasi kizuri tu. Pampu inategemea oksitosini kama mtoto anavyoitegemea, na oksitosini huzuiwa kwa muda na maumivu, hofu na haraka. Mama anayekamua huku akitazama chupa kwa wasiwasi hupata kidogo kuliko yaliyomo.

Kuhusu maziwa mepesi: mama mkwe ameona kitu cha kweli, ila maana yake ni nyingine. Maziwa yanayotangulia yana mafuta kidogo na huonekana kama ya majimaji, hata ya rangi ya buluu. Kadiri titi linavyoendelea kunyonywa mafuta huongezeka. Ni maziwa yale yale, mtoto anahitaji ya mwanzo na ya mwisho. Mpe heshima yake, mwonyeshe kadi na umweleze gramu zilizoongezeka. Mstari uliochorwa na nesi hupokelewa vizuri kuliko ubishi.

Tuje kwenye kopo lenyewe. Mililita 180 ni karibu robo ya mahitaji ya siku. Kila unapompa, titi linakaa saa tatu au nne limejaa na breki imekazwa. Chupa ya saa sita usiku ndiyo inayokuumiza zaidi, kwa sababu prolaktini huwa juu usiku, na mnyonyo wa saa hizo huchochea maziwa ya kesho. Hata hivyo usiliache kopo ghafla, na usilichanganye na maji mengi ili lidumu. Maziwa yaliyozimuliwa humnyima mtoto chakula. Lipunguze hivi.

Leo chupa ya saa sita ipungue kutoka 90 hadi 40. Kaa hapo siku mbili au tatu, kisha iondoe, umnyonyeshe tu. Baada ya siku mbili au tatu nyingine ile ya saa mbili usiku nayo iende 40, halafu iishe. Ni kama siku kumi kwa jumla. Wakati wote huo titi linatangulia, pande zote mbili, na kopo linafuata kwa kikombe kidogo badala ya chupa. Chuchu ya chupa hutiririsha bila jitihada, na mtoto akiizoea hulikasirikia titi. Nyonyo ya bandia, ile ya kumtuliza mtoto, iweke kabatini kwa sasa. Maji pia hayahitajiki, hata Januari na joto lake: maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, na kila mililita 50 ya maji unayompa inachukua nafasi ya maziwa tumboni. Vivyo hivyo dawa za chango.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, bila kuruka usiku. Mpakate tumbo lake likutane na lako, kichwa na mwili vikiwa kwenye mstari mmoja, pua ikitazama chuchu. Subiri afungue mdomo wazi kabisa, ndipo umsogeze yeye kwenye titi, siyo titi kwake. Akishika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akimeza. Ukisikia kama anang'ata, au chuchu inatoka imebanwa bapa, mtoe kwa kupitisha kidole pembeni ya mdomo na uanze upya. Mtoto anayeshika chuchu tu huumiza mama na hutoa maziwa kidogo, na hili ndilo chanzo cha maziwa machache ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote. Akianza kusinzia huku ananyonya bila kumeza, libane titi kwa kiganja taratibu, shikilia mpaka aache kumeza, achia, bana tena. Akimaliza upande mmoja mpe wa pili, na akitaka mrudishe wa kwanza.

Kupima kama anashiba tumia mambo mawili: nepi na mizani. Akojoe mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu. Pampasi huficha mkojo, kwa hiyo katika siku hizi za kupunguza kopo tumia nepi za kitambaa walau siku mbili, uhesabu. Choo usikitumie kama kipimo. Baada ya wiki ya sita mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo, na kikija kikawa laini hakuna tatizo. Mpime uzito kila wiki kwenye kliniki ile ile, mizani ile ile, bila nguo. Akiongezeka gramu 125 au zaidi kwa wiki, endelea kupunguza. Asipofika hapo, simama kwenye kiasi ulichopo na umwone mhudumu akuangalie unavyonyonyesha.

Mtori, uji, mchuzi wa kuku, supu: kula, mama, maana unyonyeshaji unakudai kama kalori 500 zaidi kwa siku. Konzi mbili za karanga, ndizi mbivu na kikombe kikubwa cha uji wa lishe hufikisha karibu kiasi hicho. Ila hakuna chakula kinachoweza kuishinda breki ya titi lisilonyonywa. Kunywa maji ukisikia kiu. Kujilazimisha lita nyingi hakuongezi maziwa. Mama wengi wa Pwani hutumia uwatu. Ushahidi wake ni dhaifu, na unaweza kushusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiuguse bila kumuuliza daktari. Zipo pia dawa za hospitali zinazopandisha prolaktini. Usizinunue duka la dawa kwa ushauri wa shoga. Mojawapo ina hatari kwa moyo, nyingine inaweza kuleta huzuni nzito, na kwa hali yako huzihitaji.

Dawa za kinyume zipo nazo. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini vinaweza kupunguza maziwa sana hata kwa dozi moja, hivyo ukiumwa mwambie muuzaji kwamba unanyonyesha. Na uzazi wa mpango: vidonge vyenye homoni mbili visubiri mtoto atimize miezi sita. Sindano, kijiti, vidonge vya homoni moja au kitanzi vinafaa kwako sasa. Nalisema hili kwa sababu kinga ya mimba inayotokana na kunyonyesha hufanya kazi mtoto akiwa chini ya miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Tangu mlipoanza kopo kinga hiyo imelegea. Mkiambiwa habari za kubemenda, tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mimba mpya ndiyo inayoyapunguza.

Wapo mama wachache ambao maziwa ni machache kweli kwa sababu za kimwili: kipande cha kondo kilichobaki ndani, damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua, tezi ya shingo kutofanya kazi sawasawa, upasuaji wa titi, au titi ambalo halikubadilika kabisa wakati wa ujauzito wala baada ya kujifungua. Kwa mtoto, ulimi uliofungwa na nyama ya chini humzuia kunyonya kwa nguvu. Maelezo yako hayafanani na lolote kati ya haya. Lakini mtoto akikojoa chini ya mara nne kwa siku, mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chungwa, akilegea au akilala mno hata kuamka kunyonya kukawa shida, au akipata homa, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo hospitali ya Amana au kituo chochote cha afya kilicho karibu.

Sasa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na ukirudi mwajiri anatakiwa kukuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kutoka Posta kurudi Tabata mchana na foleni za mjini haiwezekani, kwa hiyo zungumza na mwajiri kabla ya kurudi, saa hizo zigawanywe uzitumie kukamua. Omba chumba chenye mlango unaofungwa. Choo si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto.

Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, mtoto atahitaji mililita 25 hadi 35 kwa kila saa usiyokuwepo, yaani 300 hadi 420. Gawa kwenye vikombe vya 60 hadi 100. Kazini kamua mara tatu, kila baada ya saa tatu hivi. Mnyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu ukifika.

Mkono unatosha, na mara nyingi unashinda pampu ya bei rahisi. Nawa kwa sabuni. Lisugue titi kwa upole kuelekea kwenye chuchu kwa dakika mbili. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimeta 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, halafu bana, kisha achia, bila kuteleza kwenye ngozi. Matone ya mwanzo yanaweza kuchukua dakika moja au mbili. Mkondo ukipungua zungusha vidole upande mwingine, na baada ya dakika tano hama titi, rudi tena. Dakika 20 hadi 30 kwa jumla. Kuivuta chuchu hakutoi maziwa, kunachubua tu. Anza mazoezi wiki hii, mara moja asubuhi baada ya mtoto kunyonya. Yatasaidia kuachia breki, na utakuwa unajiwekea akiba.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Vyumba vingi vya Dar hupita hapo, kwa hiyo hesabu saa 3 au pungufu. Kwenye kibegi cha baridi chenye vipande vya barafu, saa 24. Kwenye friji, siku 4, yakae ndani kabisa na siyo mlangoni. Kwenye friza, miezi 6. Yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Andika saa kwenye kila chombo. Umeme ukikatika, dada wa nyumbani asilifungue friji ovyo. Mafuta yakijitenga juu, tikisa taratibu. Pasha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, usichemshe, usitumie maikrowevu. Mtoto akibakisha kwenye kikombe, yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe. Mfundishe dada kulisha kwa kikombe wiki mbili kabla hujarudi kazini, na umwache afanye hivyo ukiwa chumba kingine, maana mtoto akikuona hatakubali.

Utasikia pia kwamba maziwa yaliyokaa titini siku nzima na kupigwa jua kwenye daladala yameharibika, uyakamue na kuyamwaga kabla ya kumnyonyesha. Hayaharibiki ndani ya titi. Fika, nawa, mpe. Titi likiwa gumu sana mpaka ashindwe kushika, kamua kidogo tu lilainike, kisha mweke. Likiwa na sehemu nyekundu inayouma na ukapata homa, endelea kunyonyesha upande huo na uende hospitali. Ukiacha kunyonyesha ghafla hali huwa mbaya zaidi.

Ikiwezekana panga siku yako ya kwanza kazini iwe Alhamisi au Ijumaa. Jumamosi na Jumapili mtoto anyonye kila anapotaka, ili matiti yarudie kasi yake kabla ya wiki nzima ya kwanza.